Prezidaa wa chuo kachaguliwa na watu kiduchu, sisi wengine tulikuwa tumelala hosteli

KimbwetaNambaTatu:
Habari za saa hizi wakuu. Uzi ni mrefu kidogo, asiyependa kusoma apite kimya kimya tusigombane.

Mi nimemaliza chuo miaka kadhaa nyuma, jina la chuo naliacha maana kuna niliosoma nao wameajiriwa humo humo. Mwaka wa pili niligombea ubunge kwenye bunge la wanafunzi kupitia hosteli yetu, nikapita. Msinipongeze kwanza. Hosteli ilikuwa na watu zaidi ya mia tatu, kura zote zilizopigwa 41. Nazikumbuka kwa sababu zilihesabiwa mbele yangu, saa nne usiku, kwenye kile chumba cha kupigia pasi, sanduku la kura lilikuwa boksi la karatasi za A4 limezungushiwa selotepu, jamaa mmoja anafungua karatasi anasoma kwa sauti, mwenzie anachora vijiti kwenye mlango kwa chaki. Nikapata 23, mpinzani wangu 15, tatu zimeharibika. Moja ya hizo tatu mtu kachora sahani ya wali maharage, chini kaandika "huyu ndo mwakilishi wangu".

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Ila nilipopanda kitandani nikaanza kuwaza, hivi mi ni mbunge wa nani hasa? Watu ishirini na tatu, na kati yao nusu ni wa ghorofa yangu tuliokuwa tunachanga gesi.

Kikao cha kwanza cha bunge kilichukua masaa manne na matatu kati ya hayo yaliisha kwenye tisheti za kuwakaribisha mwaka wa kwanza, rangi gani, na nani apewe tenda. Nikarudi hosteli nimejiandaa watu wataniuliza "vipi mheshimiwa mmejadili nini", hakuna hata mmoja aliyeuliza. Na sikuwalaumu, mi mwenyewe kabla sijawa mbunge sikuwahi kumuuliza mbunge aliyepita, hata jina lake nililijua siku nalipwa posho yangu ya kwanza nikaona sahihi yake juu ya yangu.

Muhula wa pili maji yakaanza kusumbua. Nikachukua kauntabuku nikapita mlango kwa mlango, naandika shida ya kila chumba, nikaenda nayo kwa mshauri wa wanafunzi. Aliporudisha majibu nikayabandika pale ngazi zinapoanzia, kwa mkono, kalamu ya bluu: pampu wamekubali, fundi anakuja alhamisi. Taa za njia ya nyuma wamekataa, wanasema hela mpaka bajeti ya julai. Mlango wa bafu ghorofa ya pili hawajajibu, naenda tena jumatatu.

Sasa cha ajabu, ule mstari wa "wamekataa" ndo uliowaamsha watu. Hilo la pampu hakuna aliyeshukuru hata. Lakini kwenye taa watu walikuja chumbani kwangu usiku, wengine siwajui kabisa, "kwa nini wakatae, twende wote", tukaenda kumi na sita, na taa mbili zikawekwa kabla ya julai. Mwaka uliofuata mi sikugombea, nilikuwa nahangaika na utafiti wangu, ila siku ya kura foleni ilitoka chumba cha pasi ikashuka ngazi. Zilipigwa 168.

Kwaiyo mimi huwa nakasirika nikisikia "wanafunzi wa siku hizi hawajali". Wanajali, ila hawajaonyeshwa kura yao ilienda wapi. Naomba kusikia ya vyuo vyenu, mliogombea, mliopiga, na ambao hamjawahi kupiga pia. Nawasilisha.

NgojaWaje:
Nimevuta kimbweta niko hapa na karanga zangu.

HakunaJipya:
Mkuu hadithi nzuri lakini tusidanganyane. Serikali ya wanafunzi ni chuo cha mafunzo ya njaa. Wanagombea wapate chumba cha peke yao, posho, na cha kuandika kwenye CV wakigombea udiwani. Bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, likichelewa wiki tatu utamuona prezidaa? Anazima simu. Bumu likitoka siku hiyo hiyo tangazo, "serikali yenu sikivu imepambana". Imepambana na nani wakati hela inatoka Bodi ya Mikopo? Mimi miaka mitatu sijapiga kura hata moja na nimehitimu salama kabisa.

MzeeWaMuwata:
Vijana hamjambo. Mimi niliingia Mlimani mwanzoni mwa miaka ya themanini, naomba niseme kidogo maana naona mnazungumza kama vile kutojali huku kumeota kwenyewe kama magugu.

Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafunzi walikuwa hawahitaji kubembelezwa. Oktoba 22 1966 waliandamana mpaka Ikulu wamevaa majoho yao, wanapinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu akawarudisha nyumbani karibu 400. Siku hiyo hiyo kwa hasira akatangaza anajipunguzia mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Sasa mimi sisemi wale vijana walikuwa na haki, walilalamikia maslahi yao na nchi ilikuwa maskini, hata sisi tuliowafuata tulikuwa tunawasema vibaya. Nasema walikuwepo.

Baadae kikaja kile kikundi cha wanafunzi wanamapinduzi, USARF, ambacho Museveni, huyu huyu wa Uganda, alikuwa mwenyekiti wake akiwa mwanafunzi hapo. Kikapigwa marufuku 1970. Julai 1971 rais wa chama cha wanafunzi, DUSO, Mkenya mmoja anaitwa Symonds Akivaga, akaandika barua ya wazi kwa makamu mkuu wa chuo Pius Msekwa kulalamikia wanafunzi kutoshirikishwa. Akaja kuchukuliwa na polisi wa FFU, akafukuzwa. Kumbuka kosa lake ni barua. Wenzake wakagomea madarasa kumtetea.

Machi 1978 wanafunzi wakaandamana tena, safari hii kupinga viongozi kujiongezea mishahara na marupurupu, na mamia wakafukuzwa. DUSO ikafutwa, tukaletewa chama kingine cha wanafunzi, MUWATA, chini ya chama tawala. Hiyo ndio niliyoikuta mimi. Uchaguzi ulikuwepo, vikao vilikuwepo, mihuri ilikuwepo. Lakini kila mtu alijua mwenye kusema ya mwisho yuko wapi, na hayuko chuoni. Tulikuwa tunaenda mikutanoni kwa sababu kuna soda. DARUSO, serikali ya wanafunzi ya pale, imekuja miaka ya tisini mwanzoni baada ya chuo kufungwa 1990 na mambo mengi kupita hapo katikati.

Kwa hiyo ukimuona mwanafunzi anasema "kura ya nini", usidhani ni mvivu. Hayo maneno yana babu yake.

HakunaJipya:
Shikamoo mzee wangu. Hapo kwenye soda umenimaliza, maana sisi ilikuwa juisi ya boksi na keki.

KimbwetaNambaTatu:
Shikamoo mzee. Hii ya Akivaga nilikuwa naisikia juu juu kule kwenye vimbweta, sikujua ilianzia kwenye barua. Na ukiangalia kilichomo, kutoshirikishwa, ndo hicho hicho tunacholia leo.

DadaCR:
Jamani naomba niwaambie kitu mnachokiruka. Mnaongelea prezidaa na bunge, uwakilishi wa kweli chuoni anao CR, yaani mwakilishi wa darasa. Prezidaa ukimkosa muhula mzima huumii, CR akikosa siku mbili darasa zima linakosa tesi.

Mi nilikuwa CR miaka miwili, darasa la watu 190 hivi, wasichana hatukufika arobaini. Uchaguzi wa kwanza lekchara aliingia akasema "haya nani anataka kuwa CR, simameni, watu wanyooshe mikono". Tukasimama watatu, wawili wanaume. Mikono ikanyooshwa huku kila mtu anageuka kuangalia mwenzie kanyoosha kwa nani, kuna shoga yangu kabisa tunalala chumba kimoja alimnyooshea yule kaka aliyekuwa amemkopesha laptopu, na akaniambia usiku samahani ila yule kaka alikuwa anamwangalia. Nikashindwa.

Muhula uliofuata yule kaka akaacha, ikabidi turudie. Nikaenda mapema kwa lekchara nikamuomba tupige kwa karatasi. Akasema itachukua muda. Nikamwambia nakata mwenyewe, nikakata daftari langu la mistari vipande mia mbili usiku, nikaleta na kofia ya mtu ya baridi ndo sanduku. Dakika kumi na mbili zikatosha. Nikashinda kwa kura nyingi tu mpaka nikaona aibu. Darasa lile lile, watu wale wale, tofauti ni kikaratasi na kofia.

Na niseme lingine, mtoto wa kike ukigombea chuoni jiandae. Siku mbili baada ya kuchukua fomu ya kitivo kuna picha yangu ilisambazwa kwenye grupu la WhatsApp na maneno ambayo siyaandiki hapa. Sera zangu hakuna aliyezigusa. Nikajitoa. Sio kwamba niliogopa kushindwa, mama yangu mdogo alikuwa kwenye grupu moja la watu wa kwetu na ile picha ilifika huko. Kwaiyo mkisema wasichana hawajitokezi mjue wanajitokeza, wanarudishwa.

NgojaWaje:
Kofia ya baridi ndo sanduku la kura 😂😂 huyu dada apewe tume ya uchaguzi.

KomrediWaMain:
Sasa nyinyi Wabongo, mimi niko Nairobi na huu uzi umenigusa. Huku makomredi walikuwa wanapiga kura kama uchaguzi wa nchi, bendera, magari, vipaza sauti, wanasiasa wanamwaga pesa, mawe yakirushwa tunakimbia. Enzi hizo chama kilikuwa SONU pale chuo kikuu cha Nairobi. Na SONU ina historia ya machungu, Titus Adungosi alikuwa mwenyekiti 1982, baada ya lile jaribio la mapinduzi la Agosti akafungwa miaka kumi, akafia gerezani 1988. Kwa hivyo hicho kiti watu walikilipia.

Halafu 2016 bunge likarekebisha sheria ya vyuo vikuu. Kwa sheria hiyo mwanafunzi hamchagui mwenyekiti moja kwa moja. Kila idara ama shule mnachagua wajumbe watatu, wasiwe wote jinsia moja, alafu hao wajumbe ndio wanaketi wanachagua baraza. Kipindi mwaka mmoja, ukirudi mara ya pili basi, imetosha. Mwenyekiti na naibu wake lazima mmoja awe mwanamke mwingine mwanaume. Wengi huku waliona sheria inamlenga Babu Owino maana alikuwa amekaa SONU vipindi na vipindi, na yeye 2017 akaenda zake Embakasi East akawa mbunge wa ukweli. SONU ikaisha, ikaja UNSA.

Mazuri yapo, siwezi kataa. Hiyo ya jinsia imesaidia wasichana kuingia kwa baraza bila kurushiana matusi na jamaa elfu kumi. Vurugu zilipungua pia, na hiyo sio kitu ndogo, mnajua majirani Makerere 2022 mwanafunzi aliuawa kwa kampeni za gildi, ndio serikali yao ya wanafunzi, na chuo kikasimamisha gildi nzima.

Lakini mabaya. Chuo nilichosoma mimi sikitaji, mwaka wa kwanza wa huo mfumo wajumbe wetu walikuwa kama sitini. Usiku wa kuamkia kura wakapotea. Simu zimezimwa. Kumbe wamepakiwa kwa matatu mbili wakapelekwa Naivasha, wamelala hoteli, nyama choma, asubuhi wanarudishwa moja kwa moja hadi mlango wa ukumbi wa kura ndio wasiongee na mtu yeyote njiani. Rafiki yangu mmoja alikuwa ndani ya hiyo matatu, alirudi na elfu nne na kidonda cha tumbo juu ya ile nyama. Zamani kununua uchaguzi ulihitaji pesa ya wanafunzi elfu ishirini, sasa unahitaji ya sitini. Hiyo ndio demokrasia ya bei nafuu.

HakunaJipya:
Huyu Mkenya amenisaidia kazi. Mkibadilisha mfumo njaa inahamia mfumo mpya na mabegi yake.

DadaCR:
Kaka wa Nairobi pole. Ila hapo kwa jinsia umesema kitu, kumbe inawezekana kuandikwa kabisa kwenye sheria. Sisi huku makamu wa rais kuwa mwanamke mara nyingi ni "mila" tu, yaani anapangwa apambe karatasi ya mgombea.

MjumbeAliyekaaKimya:
Nimesoma toka mwanzo na nimeona hakuna aliyetaja Seneti wala Baraza la Chuo. Ndo tatizo lenyewe hilo. Vyuo vikuu vyetu wanafunzi wana viti kwenye hivyo vikao, vikao vinavyopitisha ada, mitaala, kanuni za mitihani, nani anadisko, yaani anaondolewa chuoni, na nani anapewa nafasi. Waulize wanafunzi mia moja nani amekaa kiti chao huko, uone kama utapata jina.

Mi nilikaa. Chuo changu hakina haja ya kutajwa. Kikao changu cha kwanza kabrasha nililetewa saa kumi na moja jioni, kikao kesho saa tatu asubuhi, kurasa zaidi ya mia mbili, na nusu yake ni matokeo ya watu. Nikaingia na suti ya kuazima imenibana mabega. Meza ndefu, maprofesa na wakuu wa vitivo, sisi wanafunzi wawili tumewekwa mwisho kabisa karibu na kiyoyozi. Kuna ajenda ilipita inayohusu moja kwa moja wanafunzi wanaoishi nje ya kampasi, mwenyekiti akauliza "wanafunzi mna la kusema?" Mwenzangu akaniangalia, nikamwangalia, nikasema "hapana mheshimiwa mwenyekiti, tunaunga mkono". Tukala sambusa tukaondoka. Mpaka leo nikikumbuka lile neno tunaunga mkono nasikia joto usoni, maana sikuwa nimelisoma hata.

Baada ya hapo nikamfuata mama mmoja katibu muhtasi wa ofisi inayoandaa vikao, mtu mzima mkarimu sana, nikamwambia mama mi sijui kitu nisaidie. Akanifundisha mambo ambayo hakuna semina ya viongozi iliyowahi kutufundisha. Kwamba kuna tarehe ya mwisho ya kuleta ajenda, na mjumbe yeyote anaweza kuleta. Kwamba kabrasha unaweza kuliomba mapema, usisubiri uletewe. Kwamba ukisema kitu kikaoni hakikisha kimeandikwa kwenye muhtasari, na kikao kinachofuata wakianza na yatokanayo, yaani yaliyobaki ya kikao kilichopita, unauliza lile langu limefikia wapi. Hapo kwenye yatokanayo ndo penye nguvu yote ya mwakilishi, wengi wetu tulikuwa tunapaona ni pa kusinzia.

Sasa ngoja niwape moja. Chuo chetu mitihani ya sapu, ile ya kurudia somo ulilofeli, ilikuwa inafanyika likizo ndefu, hosteli zimefungwa. Mtu wa Kigoma au Bukoba anarudi na basi, analipa gesti au analala kwa ndugu sita chumba kimoja, kwa ajili ya mtihani wa masaa matatu. Wenye ndugu mjini hawaoni shida. Nikawaambia ma-CR wote niliowapata namba zao waniletee idadi tu, bila majina, wangapi darasani kwao wana sapu na wangapi hawana pa kufikia. Wengine hawakujibu, kuna mmoja alinijibu na emoji. Ila madarasa ishirini na mbili yalileta. Nikajumlisha mwenyewe, nikaweka kwenye ukurasa mmoja, mmoja tu, maana yule mama aliniambia profesa hasomi ukurasa wa pili wa mwanafunzi.

Siku ya kikao nikauwasilisha kwa sauti inayotetemeka. Profesa mmoja akauliza "hizi namba umezitoa wapi", nikamwambia kwa wawakilishi wa madarasa, naweza kukuonyesha darasa kwa darasa. Kimya. Alafu mwingine nisiyemtegemea kabisa, tulikuwa tunamuogopa kwa kukamata watu, akasema "mimi naona kijana amefanya kazi yake". Hawakutupa tulichoomba, tuliomba ratiba ibadilishwe wakakataa. Ila wakakubali hosteli moja iwe inafunguliwa wiki mbili za sapu, kwa malipo madogo.

Sasa HakunaJipya, wewe hujapiga kura umehitimu salama, sawa. Ila kama uliwahi kula sapu na kulala hosteli likizo, ujue kuna mtu alitetemeka kwa niaba yako.

HakunaJipya:
😅 Sapu nilikula mbili. Nililala kwa mjomba Mbagala.

Ila mkuu nakuheshimu, hii ndo komenti ya kwanza ya kiongozi wa wanafunzi naisoma haina neno "kupambana". Swali langu, mbona hamkutangaza? Hiyo hosteli kufunguliwa mimi kama ningekuwa chuo chenu ningejua ni huruma ya utawala.

MjumbeAliyekaaKimya:
Tuliambiwa mambo ya Seneti ni siri. Baadae nikaja kujua siri ni majadiliano na matokeo ya watu, uamuzi ukishatoka sio siri. Nilichelewa kulijua, nilikuwa nimebakiza mwezi.

KimbwetaNambaTatu:
Daah. Kauntabuku yangu na ukurasa wako vilitakiwa vikutane.

FundiMtambo:
Nimefanya kazi za mifumo, nichangie upande wa kura za mtandaoni maana vyuo vingi vinahamia huko. Idadi ya wapiga kura inapanda kweli, mtu anapiga akiwa kitandani. Ila nimeona mambo mawili. La kwanza watu wanagawa paswadi kama wanagawa pipi, siku ya kura mgombea anakaa kwenye kimbweta na simu za watu kumi na tano, "leta nikupigie", na mwenye simu anapewa soda. Siri ya kura kwisha. La pili, ule mtambo uko kwa nani? Kama uko kwenye ofisi ya chuo maana yake sanduku la kura umemkabidhi mtu ambaye huyo mgombea anatakiwa akabishane nae. Hata kama hawachezei, wanafunzi hawaamini, na ukishindwa utasema umeibiwa.

Boksi la A4 la mleta uzi lilikuwa na faida moja, kila mtu aliona kijiti kikichorwa. Mtandaoni inabidi uitafute hiyo kwa njia nyingine, matokeo yatoke kitivo kwa kitivo usiku huo huo, mawakala wawepo chumba cha mtambo wakati unafungwa, na namba ya siri ya kura itumwe kwenye simu ya mtu na iishe baada ya dakika chache. Sio ngumu, na haimalizi ujanja wote, ila inapunguza.

LensiNene:
Wengi mmeongea, mi naongeza fupi. Mimi sioni vizuri, nasoma kwa lensi. Kura yangu ya kwanza chuoni kituo kilikuwa ghorofa ya tatu hamna lifti, kuna mwenzangu wa kiti cha magurudumu alibaki chini akaambiwa "tutakuletea karatasi", hawakuleta. Mi nikapanda. Majina yameandikwa madogo, msimamizi akaniuliza kwa sauti mbele ya foleni "unamtaka nani nikuwekee tiki?" Nikamtaja, nifanyeje. Kwenye uchaguzi mkuu asiyeona anaruhusiwa kuingia na mtu anayemwamini yeye. Chuoni ambako tunasomeshana haki za binadamu hiyo haikuwepo. Waziri wetu wa wenye mahitaji maalumu alikuwepo lakini, na ofisi yake iko ghorofa ya tatu hiyo hiyo.

MzeeWaMuwata:
Mwanangu pole sana. Hii nimeisoma mara mbili.

MgeniWaMjini:
Shikamooni wakubwa zangu. Mi nipo mwaka wa kwanza, nimetoka sekondari moja huko mkoani, shuleni kwetu kaka mkuu na viranja walikuwa wanateuliwa na walimu, tunatangaziwa mstarini asubuhi. Yaani sijawahi kupiga kura ya kitu chochote maisha yangu. Nimesoma huu uzi wote kwenye daladala nimepitiliza kituo.

Uchaguzi wetu ni baada ya wiki tatu, nataka kugombea ubunge wa hosteli. Ila sina hela, wenzangu wameshaprinti mabango ya rangi, kuna mmoja ana spika kubwa. Na mi nikisimama mbele ya watu naanza kusahau. Nishaurini.

KomrediWaMain:
Karibu komredi. Huku sekondari siku hizi wanafunzi wanachagua viongozi wao, kuna baraza la wanafunzi wa sekondari nchi nzima tangu 2009, na bado wakifika chuo wananunuliwa na mandazi. Kwa hivyo usijione uko nyuma.

KimbwetaNambaTatu:
Dogo mabango achana nayo, upepo wa siku mbili. Nunua kauntabuku kwire mbili. Pita vyumba usiku kuanzia saa tatu, mchana hutamkuta mtu, na usiende na hotuba, gonga uliza shida ya chumba chao ni nini, andika mbele yao na namba ya chumba. Kama wewe ni mwoga wa kusimama mbele ya watu utagundua kuongea na watu wanne waliokaa kitandani sio sawa na kuongea ukumbini. Usiahidi kitu ambacho sio cha mbunge, bumu usiliguse kabisa, ukiahidi bumu umekwisha.

DadaCR:
Na ukipita vyumba vya wasichana nenda na mwenzako wa kike, mkaongee pale nje kwenye ukumbi wa TV, usigonge gonge usiku. Alafu tafuta katiba ya serikali yenu ya wanafunzi uisome, niamini utakuwa mgombea pekee uliyeisoma. Angalia mtu akitaka kupinga matokeo anapewa masaa mangapi.

FundiMtambo:
Na mawakala. Weka mmoja asiyependa kulala.

HakunaJipya:
Dogo upo chuo gani? Usitaje hapa, njoo inboksi. Kama ni kile ninachofikiria, ninaye mdogo wangu anakaa hosteli hiyo, huwa hapigi kura, ni ugonjwa wa ukoo. Nitamwambia afungue mlango ukigonga. Sijasema atakupigia.

MgeniWaMjini:
Asanteni sana wakubwa. Fomu nimeshachukua leo mchana, inataka sahihi 20 za wakazi wa hosteli, ninazo 14. Kauntabuku nimepata ya bei ya chini ila ina picha ya simba kwenye jalada, sijui kama itanipa sura ya kitoto. Saa tatu inakaribia, naanza ghorofa ya chini.